Gia Zinasumbua Baada ya Kubadilisha Oili? Usinunue Giaboksi Kabla Hujapima

Katika maswali ya magari ninayoulizwa na wasomaji wa barabara hii ya Bukoba, Kemondo hadi Muleba, hakuna linalorudi mara nyingi kama hili: gari la automatiki lilikuwa linakwenda vizuri, mwenyewe akaona alitunze, akabadilisha oili ya giaboksi, na tangu siku hiyo gia hazieleweki. Ukiweka D, linasubiri kwanza. Au linashtuka kila gia inapobadilika. Au linapanda kilima kwa kelele tupu, injini inalia na mwendo hauongezeki. Halafu inakuja sentensi ya pili, ambayo ndiyo iliyonifanya niandike: "Fundi amesema giaboksi imekufa, tuagize nyingine Mwanza."

Usiagize bado. Tatizo likianza siku ileile oili ilipobadilishwa, mara nyingi chanzo chake kimo katika kazi ya siku hiyo: oili ni pungufu au imezidi, aina si yake, filta haikukaa vizuri, au soketi haikurudishwa. Vitu hivi vinne unaweza kuvikagua kwa gharama ndogo, na vyote vikaguliwe kabla ya mtu yeyote kugusa bolti za giaboksi yenyewe. Ila kama gia zilikuwa zinateleza hata kabla ya kubadilisha, hiyo ni habari nyingine, nitaifikia chini.

Kwanza, acha kuliendesha

Wengi wanaendelea na safari wakisema litazoea. Ukiona mojawapo ya haya, lizime:

- Umeweka D au R na haliondoki mpaka ukanyage mafuta kwa nguvu.
- Mzunguko wa injini unapaa ghafla kwenye kona au kilimani huku mwendo ukibaki palepale.
- Kuna harufu ya kuungua baada ya kusimama.
- Oili nyekundu au ya kahawia inadondoka chini.

Giaboksi ya automatiki inabana klachi zake za ndani kwa presha ya oili. Presha ikishuka, klachi zinateleza. Zikiteleza zinaungua, na makapi yake yanasambaa hadi kwenye vijia vyembamba vya valvu bodi, inayogawa presha hiyo. Upungufu wa oili ambao ungemalizwa leo kwa chupa moja unaweza kukugharimu giaboksi nzima ukipanda nao kutoka Muhutwe kwenda Kamachumu na abiria saba.

Na ukikwama, usikubali kuvutwa kwa kamba hadi Bukoba. IST, Vitz, Premio, Ipsum na Noah nyingi zinaendeshwa na matairi ya mbele. Injini ikizimwa, pampu ya oili ya giaboksi haizunguki, lakini matairi yakiviringika yanazungusha vyuma vya ndani bila oili ya kutosha. Matairi ya mbele yainuliwe, au gari lipakiwe juu ya lori. Kwa gari la kuvuta matairi yote manne, lori ndilo jibu pekee. Na vijana wanaojitolea kusukuma ili gari liwake, waambie asante: automatiki haiwaki kwa kusukumwa.

Rudi kwa fundi, bila ugomvi

Aliyeifanya kazi ndiye mwenye taarifa unazozihitaji. Ukimwendea kwa matusi atakuficha ukweli, nawe utahangaika gereji tatu ukitafuta kitu ambacho yeye angekuambia kwa dakika mbili. Muulize:

1. Ulitoa lita ngapi, na ukaweka ngapi?
2. Makopo ya oili uliyotumia yako wapi?
3. Ulifungua sampu, au ulimwaga kwa nati ya chini tu? Kama ulifungua, filta na gasketi ulifanyaje?
4. Ulipima kiwango gari likiwa limewaka na limepata moto, au limezimwa?
5. Kuna soketi, waya au betri uliyochomoa?

Akijibu swali la kwanza "nilijaza mpaka ikatosha", umeshapata pa kuanzia. Fundi makini humwaga oili ya zamani kwenye vidumu vilivyo na alama za lita, akajaza kiasi hichohicho, kisha akahakiki kwa kijiti. Kwa Toyota nyingi ndogo, ukifungua nati ya chini zinatoka lita tatu hivi hadi nne, wakati giaboksi nzima inabeba karibu mara mbili ya hizo. Nyingine inabaki ndani ya konveta (inayounganisha injini na giaboksi) na kwenye mabomba ya kupoozea. Sasa fikiria aliyesoma kwenye kitabu kwamba giaboksi inabeba lita saba, akamwaga tatu na nusu, akajaza saba. Au aliyemwaga nne akarudisha tatu kwa sababu mteja alinunua tatu.

Kupima kiwango: hapa ndipo wengi wanapopotea

Oili ya injini hupimwa gari likiwa limezimwa. Oili ya giaboksi ya Toyota yenye kijiti hupimwa injini ikiwa inanguruma. Mtu aliyezoea ya kwanza hufanya hivyohivyo kwa ya pili, anaona kijiti kimejaa hadi juu, anapunguza. Baada ya hapo gari halitaki kuondoka.

Fanya hivi:

1. Endesha dakika kumi na tano hadi ishirini ili oili ipate moto. Kama gari halifai kuendeshwa kabisa, liache lingurume, ongeza kwa alama ya baridi tu, kisha ulitembeze polepole mahali pa wazi.
2. Simama mahali tambarare kweli. Kwa vilima vyetu hili si dogo: sakafu ya kituo cha mafuta inafaa, ukingo wa barabara haufai.
3. Vuta hendibreki, kanyaga breki, injini ikinguruma. Pitisha mkono wa gia polepole kutoka P hadi L, ukitulia kidogo kila kituo, kisha rudi P.
4. Chomoa kijiti, kifute kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi, kirudishe chote, kichomoe tena. Soma pande zote mbili na uamini ule ulio chini zaidi.
5. Oili iwe kati ya alama mbili za HOT. Alama za COLD ni za kukadiria wakati wa kujaza, hazitoi hukumu ya mwisho.
6. Ukiongeza, ongeza robo lita, subiri, pima tena.

Kuna watakaosema: kuzidi kidogo si bora kuliko kupungua? Hapana. Oili ikizidi, vyuma vinavyozunguka vinaikoroga, inatoa povu, na povu halishiki presha. Utapata dalili zilezile za oili pungufu, na nyingine itatapikwa kwa tundu la kupumulia na kuangukia kwenye ekzosi ikinuka. Hivyo kuongeza oili kwa kubahatisha "tuone kama itakaa sawa" kunaweza kuharibu zaidi. Iliyozidi itolewe kwa sirinji yenye mpira mwembamba kupitia tundu la kijiti, au kwa nati ya chini.

Gari lako halina kijiti?

Toyota nyingi za kuanzia katikati ya miaka ya 2000, hasa zinazotumia oili ya aina ya WS (aina za oili nitazitaja chini), hazina kijiti cha giaboksi. Kiwango kinahakikiwa chini ya gari, kwa nati maalumu ya kupimia. Gari linainuliwa likiwa limelala sawa pande zote nne, linawashwa, na joto la oili linasomwa kwa mashine. Likifika nyuzi 40 hadi 45 hivi, nati inafunguliwa: kiwango sahihi ni pale mchirizi unapopungua hadi matone. Fundi akifungua wakati oili imechemka sana, itakuwa imetanuka. Itamwagika nyingi kuliko inavyotakiwa, na ikipoa giaboksi ina njaa. Akiinua upande mmoja kwa jeki, kipimo ni bure.

Kwa hiyo kama gari ni la aina hii, na gereji uliyoko haina shimo wala mashine ya kusoma joto, nenda Bukoba mjini. Kufanyiwa kazi hii kwa kukisia pembeni ya barabara ni kutafuta hasara.

Honda ina kanuni yake: magari mengi yenye kijiti hupimwa oili ikiwa na moto lakini injini ikiwa imezimwa, ndani ya dakika moja hadi moja na nusu baada ya kuzima. Fundi aliyezoea Toyota pekee hulikosea hilo.

Oili nyekundu zote si sawa

Hili ni la pili kwa uharibifu, na ndilo gumu zaidi kuwashawishi watu. Dukani kuna dumu la haidroliki nyekundu, la usukani na la jeki. Muuzaji anasema "ATF ni ATF", yaani oili yoyote ya automatiki ni sawa. Rangi ni ya kutiwa kiwandani; haikuambii unene wa oili wala namna inavyoziacha klachi zishikane.

Kwa Toyota, ambazo ndizo nyingi hapa kwetu, kumbuka makundi haya:

- D-II au Dexron, kwa magari mengi ya zamani ya miaka ya 1990.
- T-IV, kwa mengi ya mwishoni mwa miaka ya 1990 hadi katikati ya miaka ya 2000.
- WS, kwa mengi yaliyofuata. Ni nyepesi kuliko T-IV, na Toyota haikuzitengeneza zibadilishane.
- CVTF TC au CVTF FE, kwa giaboksi za CVT, zile za mkanda zisizo na gia za hatua.

Nissan ina Matic zake, na kwa CVT ina NS-2 na NS-3. Honda walikuwa na ATF-Z1, sasa DW-1. Mitsubishi wana SP-II na SP-III.

Utajuaje yako? Anza na kijiti chenyewe. Mara nyingi kimechongwa jina la oili. Kama hakuna, tafuta bamba la chuma kwenye chumba cha injini au kwenye nguzo ya mlango, soma mstari ulioandikwa TRANS/AXLE. Kwa Toyota, herufi A au U, kama U340E au U341E, ni automatiki ya kawaida. Herufi K, kama K111 au K310, ni CVT. Usiamini sura ya gari: kuna Noah na Premio zinazofanana mlango kwa mlango, moja ina gia nne za kawaida, nyingine ni CVT.

Ndiyo maana "rafiki yangu ana Premio kama yangu na anaweka hii" si ushahidi. Akiwa na ya kawaida nawe una CVT, oili yake itaufanya mkanda wako uteleze kwenye puli za chuma na kuzikwaruza, na mikwaruzo hiyo haifutiki. Ukigundua CVT imewekewa ATF ya kawaida, usiliwashe tena hata kulisogeza. Oili itolewe hapohapo lilipo.

Kuna oili za kampuni nyingine zilizoandikwa kwamba zinafaa kwa aina nyingi. Sizikatai kwa automatiki ya kawaida, mradi kopo litaje wazi jina la oili ya gari lako na liwe limefungwa kiwandani. Kwa CVT ninashauri ile ya mtengenezaji wa gari. Na kwa zote, usikubali kupimiwa kutoka kwenye dumu lililofunguliwa. Angalia mfuniko, nembo ya TBS, dai risiti, tunza kopo tupu. Kopo hilo ndilo litakalokuokoa siku ya mabishano.

Soma dalili kabla ya kulipa

- *Linachelewa kuingiza D au R, hasa asubuhi:* oili pungufu kwanza. Kama kiwango kiko sawa, shuku filta.
- *Linapoteza nguvu kwenye kona na kilimani tu, tambarare liko sawa:* pungufu. Oili inakimbilia upande mmoja wa sampu na filta inanyonya hewa.
- *Linatetema ukiwa kati ya kilomita 50 na 80 kwa saa, kama umepita kwenye matuta madogo:* aina ya oili. Hapo ndipo klachi ya ndani ya konveta inapojifunga, na oili isiyo yake inaifanya ishike na kuachia.
- *Kila gia inashtua, lakini haitelezi:* aina ya oili, au betri ilichomolewa na kontrolboksi imesahau ilivyojifunza. La pili hupungua lenyewe kwa siku chache za kuendesha kwa utulivu.
- *Limeng'ang'ania gia moja, na taa ya O/D OFF (O/D ni gia ya juu kabisa) inawaka na kuzima:* ni hitilafu ya umeme iliyorekodiwa. Tafuta soketi kabla ya kitu kingine.
- *Halipandi gia ya mwisho, injini ina kelele kwenye lami, na taa ya O/D OFF imewaka bila kupepesa:* bonyeza kitufe kilicho pembeni ya mkono wa gia. Aliyeosha gari amekigusa. Nacheka, lakini kuna watu wameshatozwa pesa kwa hili.
- *Oili imegeuka rangi ya waridi yenye maziwa:* maji yameingia.

Hilo la mwisho halihusiani na kubadilisha oili, ila mara nyingi huonekana siku hiyo kwa sababu ndiyo siku mtu alipoiangalia. Bomba la kupoozea oili ya giaboksi katika magari mengi linapita ndani ya rejeta. Tuna tabia ya kujaza rejeta maji ya kisima au ya ziwa badala ya kulanti, chuma kinaliwa na kutu, maji na oili vinakutana. Gari hilo lisitembezwe. Rejeta ibadilishwe kwanza, ndipo giaboksi isafishwe. Ukifanya kinyume chake utakuwa umemwaga oili mpya bure.

Filta, gasketi na soketi

Kama sampu ilifunguliwa, omba ifunguliwe tena mbele yako. Tazama:

- Oringi au gasketi ya filta: ipo, ni moja, na imekaa? Ya zamani ikibaki imeng'ang'ania juu na mpya ikawekwa chini yake, hewa itaingia.
- Filta imefungwa bolti zote?
- Gasketi ya sampu ilipakwa silikoni nyingi? Silikoni iliyojibinya ndani hukatika vipande na kuziba filta.
- Sumaku za ndani ya sampu zilirudishwa? Tope laini la kijivu juu yake ni la kawaida. Vipande vya chuma vinavyoonekana kwa macho si vya kawaida.
- Bolti za sampu ni ndogo na zinakazwa kidogo tu. Anayezikaza kwa nguvu zote anapinda sampu au anakata nyuzi, na uvujaji unaanza wiki inayofuata.

Soketi kubwa ya solenoidi (valvu za umeme) iko ubavuni mwa giaboksi, mahali ambapo tope la masika linapenda kukaa. Ichomolewe, ikaguliwe kama ina oili au kutu, isafishwe, irudishwe hadi isikike ikibana. Baada ya hapo gari lisomwe kwa mashine. Msimbo wa hitilafu unaelekeza pa kutafuta tu. Usimruhusu mtu akuuzie kitu kwa kuuonyesha msimbo peke yake.

Wenye Subaru, hili ni lenu. Chini kuna nati ya oili ya injini na nati ya oili ya giaboksi, na hazijaachana mbali. Nyingi zina ya difu ya mbele pia. Kosa linalojulikana ni fundi kumwaga oili ya giaboksi akidhani ni ya injini, kisha kujaza oili mpya kwenye injini ambayo bado imejaa. Unaondoka na giaboksi tupu na injini iliyozidiwa. Kama ulikwenda kwa sevisi ya kawaida ya injini na umetoka gia zinateleza, pima vijiti vyote kabla ya kuwasha tena. Na kwenye baadhi ya Corolla za zamani, difu ina oili yake na tundu lake, hata kama imo katika boksi moja na gia.

"Oili ya zamani ndiyo ilikuwa inaishikilia"

Utaambiwa hivi, na si uongo mtupu. Klachi zilizochakaa hutoa unga, unga huo unaelea kwenye oili nyeusi na kuongeza mshiko kidogo. Ukiitoa yote kwa mara moja na kuweka mpya inayosafisha, mshiko huo wa bandia unaondoka. Tena kuna mashine za kusukuma oili kwa presha, na kwenye giaboksi iliyotelekezwa miaka mingi zinaweza kung'oa uchafu uliolala na kuupeleka kwenye valvu bodi.

Lakini angalia hitimisho ambalo watu wanalitoa: basi usibadilishe kamwe. Hapo sikubaliani. Giaboksi iliyokufa siku chache baada ya oili mpya ya aina na kiwango sahihi ilikuwa na miezi, pengine wiki, za kuishi. Oili haikuiua, imeonyesha ilivyokuwa. Wanaoambiwa wasiguse ndio hao wanaofika kilomita laki mbili na oili ya Japani, wakipakia ndizi na watu, halafu wanashangaa.

Ushauri wangu kwa gari ambalo hujui historia yake:

1. Endesha kwanza ukiwa makini. Kama gia zinateleza sasa, kabla ya oili, jua kwamba oili haitazirudisha. Tenga pesa ya kufungua giaboksi, usiitumie yote kwenye oili.
2. Kama hazitelezi, chomoa kijiti na unuse. Nyeusi yenye harufu ya kuungua ni onyo. Ya kahawia bila harufu ni uzee tu.
3. Badilisha kwa kumwaga na kujaza, kwa nati ya chini, bila mashine ya presha.
4. Endesha kilomita elfu moja hivi, rudia. Kisha rudia tena.

Hesabu yake ni rahisi. Kila ukimwaga unatoa karibu nusu. Mara ya kwanza inabaki nusu ya zamani, ya pili robo, ya tatu sehemu moja ya nane. Njia hiyohiyo hutumika kuondoa oili isiyo sahihi kwenye automatiki ya kawaida, ila hapo usisubiri kilomita elfu: jaza, liwashe, pitisha gia zote likiwa limesimama, mwaga tena siku hiyohiyo.

Je, ni ghali kununua oili mara tatu? Ndiyo. Linganisha na bei ya giaboksi na nauli yake.

Makosa ya kuacha leo

- Kukanyaga breki na mafuta pamoja "kupima nguvu ya giaboksi". Joto linapanda ndani ya sekunde chache. Kipimo hicho kipo kwa mafundi, na hata wao hawazidishi sekunde tano.
- Kumwaga dawa ya chupa inayoahidi kurudisha gia. Kwa gari lenye oili isiyo sahihi unaongeza tatizo la pili juu ya la kwanza.
- Kukwama kwenye tope na kuzungusha matairi kwa dakika kumi. Weka majani ya migomba au mawe, suka gari kwa upole, pumzisha.
- Kupanda mlima mrefu na mzigo huku O/D ikiwa imewashwa, giaboksi inaruka kati ya gia ya tatu na ya nne bila kutulia. Izime, kwenye mwinuko mkali shusha hadi 2. Vivyo hivyo wakati wa kuteremka, ili breki zipumzike.

Kwa gari la abiria linalopanda na kushuka kati ya Kemondo na Bukoba kila siku, mimi ningebadilisha oili kila kilomita 40,000, hata kama kitabu cha gari kinaruhusu zaidi. Vitabu vingi vyenyewe vinatenga kazi ya teksi na mizigo kama matumizi mazito yanayotaka oili mapema.

Ukifika mahali pa kukubali

Kiwango sahihi, aina sahihi, filta na soketi vimekaguliwa, mashine imesoma, na bado inateleza. Au sampu imejaa vipande vya chuma. Hapo giaboksi ifunguliwe au ibadilishwe. Ya mtumba inaweza kutoka Mwanza kwa meli hadi bandarini hapa Kemondo, au Dar es Salaam, au Kampala katika soko la Kisekka kupitia Mutukula. Popote itokapo:

- Namba ya TRANS/AXLE ilingane na ya kwako yote, si herufi ya kwanza tu.
- Chomoa kijiti au fungua nati, nusa oili iliyobaki ndani.
- Pata dhamana ya maandishi yenye siku za kulijaribu gari barabarani. Ya kutoka ng'ambo ya mpaka ni vigumu kuirudisha, kwa hiyo bei ndogo ya Kampala ihesabu pamoja na hatari hiyo.
- Bomba na rejeta za kupoozea zisafishwe kabla ya kuifunga, la sivyo makapi ya ile iliyokufa yataingia kwenye mpya.
- Oili iwe ya aina yake, ipimwe mbele yako.

Wewe unayesoma ukiwa na gari lililoanza kusumbua wiki hii, kesho asubuhi anza na kijiti na kopo la oili. Mtu akikuambia giaboksi imekufa kabla hajavigusa viwili hivyo, mpe asante na utafute fundi mwingine.